Kapi

Shangazi Senami aligonga mihuri miaka thelathini na mmoja
bandarini Cotonou, meza ya tatu kutoka dirishani.
Kreti zilipita: «kazi za mikono, hazina thamani»,
ndivyo karatasi zilivyosema, naye akagonga, ta!
na nyuso zilizofungwa kwa majani makavu
zikaenda zake Marseille bila kumuaga.

Alipostaafu alinunua Peugeot kuukuu, akanikabidhi usukani.
«Twende,» akasema, «nikaone zilikokuwa zikitoka.»

Hakutaka vinyago. Vinyago vina wenyewe, alisema,
na wenyewe hawalali.
Alitaka kapi tu, la kitanda cha mfumi:
mti uliochongwa, mkubwa kama ngumi ya mtoto,
juu uso wa mwanamke, au pembe za paa,
chini kigurudumu ambapo uzi hupanda ukashuka.
Kitu cha kazi. Kinaingia mkobani
pamoja na miwani, karanga na dawa za presha.
Wachuuzi wa Abidjan walimcheka: mama anaokota makapi!
Naye: «Muulizeni kuku, pumba lina nini.»

Lomé, Accra, Takoradi. Mipaka mitatu,
na kila forodha alishuka
akautazama mkono unaogonga muhuri,
asinene neno.

Mbele ya Zuénoula lami ilikata tamaa.
Tra Bi Voli alikuwa kazini, fulana ya mpira, miguu peku,
kamba kati ya vidole vya mguu,
na mbele ya paji lake kapi likilia
kwii-kwa, kwii-kwa,
mwanamke mweusi wa mti, pua imelika
kwa vidole vya baba na vya babu,
misuko yake bado ina ncha.
Shangazi alisahau salamu.

Njiani kutwa nzima alikuwa amejiandaa kukataliwa.
Alikuwa na maneno tayari, ya kubembeleza, ya heshima.
Irié, mvulana wa shule aliyetufasiria,
aliona haya hata kuuliza bei.
Voli hakuona haya. Aliitaja upesi,
kama mtu aliyekuwa nayo chini ya ulimi tangu mvua zilizopita:
mabati kumi na mawili, na misumari yake.
Akaikata kamba kwa meno.
Mtande ukalegea, mshindio ukabaki njiani,
na ule ukimya, jamani,
niliuhisi kwenye magego.

Mwaka uliofuata tulirudi. Hakusema kwa nini.
Paa liling'aa hadi likatuumiza macho.
Mahali pa yule mwanamke palining'inia
kibiringo cha plastiki na waya wa breki ya baiskeli.
Kitambaa kilikuwa kilekile: buluu, nyeupe, buluu,
upana wa kiganja, uzi haujakosea hata mmoja.
«Hulikumbuki?» shangazi akauliza.
Voli alicheka, si kwa ubaya.
«Kapi ni kapi, mama. Lile lilipiga kelele mno,
lilikuwa linamwamsha mtoto.»
Akatuandalia futu na mchuzi wa bamia, tukala tukashiba.

Mpaka wa mwisho, kijana wa forodha akagusa mkoba:
una nini humu?
«Kazi za mikono,» shangazi akasema,
akafungua kinywa amalizie,
kinywa kikabaki wazi.

Ukutani kwetu sasa yapo makapi arobaini na matatu,
kila moja na namba yake ya wino.
Lile halipo.
Usiku, nikiamka kunywa maji, nalisikia jikoni:
amelifunga kwenye nondo ya dirisha,
amepitisha uzi, anavuta, anaachia, anavuta,
kwii-kwa, kwii-kwa,
na hafumi chochote.

Siku moja nililipaka mawese ili litulie.
Alininunia wiki nzima.